Alama za Kujazwa

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni na mkasi mkononi alipomwambia bintiye, "Hebu nisomee kifua cha yule mama wa gauni la kijani."

Binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, akafungua daftari la vipimo. "Thelathini na mbili."

Mkasi ukapita. Siku ya kujaribu, gauni lilikwama juu ya mabega na halikushuka tena. "Fundi," mwenyewe akauliza kutoka ndani ya kitambaa, "ulinipima mimi au ulimpima mjukuu wangu?"

Fundi akachungulia daftari. Kifua arobaini, kiuno thelathini na mbili. Akaomba radhi, akaahidi kushona lingine, na mteja alipoondoka akamgeukia mwanawe.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kifua."

"Na hapa chini?"

Chiriku hakutazama karatasi. Alimtazama mama yake usoni, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji la uso. "Kifua... cha nyuma?"

Mama akatoa kitabu cha darasa la tano kwenye mkoba. Chiriku akakisoma kama maji yanayoteremka: kisa cha sungura aliyekataa kuchimba kisima, bila kukwama. Mama akafunua kurasa tatu mbele. Chiriku akaendelea na sungura yule yule, huku kidole chake kikitembea juu ya maelezo ya kupanda maharage.

"Nani alikufundisha kusoma hivi?"

"Wenzangu wakisoma, nasikiliza. Mara mbili tu nimeshashika." Akakifunga kitabu. "Mama, usiwaambie. Watanirudisha kwa watoto wadogo."

Shule zilipofungwa kwa korona, Chiriku alikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Masomo yakahamia redioni, na redio haiulizwi swali. Milango ilipofunguliwa, darasa la tatu likarukwa kama dimbwi la maji na watoto wakaketishwa la nne. Na kila muhula ripoti ilikuja nyumbani imepigwa muhuri: Kusoma, vizuri sana. Mama aliziamini. Alizihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Sasa alizitoa, akazitandaza juu ya meza ya kukatia. Hasira iliyompanda haikuwa ya kumpigia mtoto. Ilikuwa ya kutafuta mwenye muhuri.

Asubuhi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukutani kulikuwa na chati ya rangi, mistari yote ikipanda kama inawahi mbinguni, na juu yake maneno makubwa: PENGO LA KORONA LIMEZIBWA.

"Mama," mwalimu mkuu alisema kwa upole wa kumsindikiza mtu mlangoni, "shule nzima imefidia. Labda mtoto wako ni mzito kidogo."

"Mzito? Mtoto aliyemeza kitabu kizima kwa masikio ndiye mzito?"

"Basi mtafutie mwalimu wa nyumbani."

"Nilimleta shule ili nimtafutie shule nyingine nyumbani?"

Mwalimu mkuu akatazama saa. Fundi akatoka huku amebana ripoti zake kwapani. Karibu na lango akasikia viatu vinamkimbilia. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi.

"Mama Chiriku, si wako peke yake. Nina watoto hamsini na wanne. Thelathini na mmoja hawawezi kusoma sentensi moja. Nimewasikiliza mmoja mmoja."

"Na hizi 'vizuri sana' nani aliandika?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Za mwaka huu, mimi. Tuliambiwa tujaze, asibaki mtoto nyuma kwenye karatasi."

"Ukajaza."

"Nikajaza."

Fundi alitamani kumrarulia zile ripoti usoni. Lakini yule mwanamke hakujitetea, wala hakuondoka. Basi akamuuliza, kwa sauti kavu, "Ungetaka nini ili wasome?"

"Saa nzima kila asubuhi. Niwapange kwa wanachokijua, si kwa umri: wa herufi na wa herufi, wa silabi na wa silabi. Wanaweza, Mama. Nimeomba mara tatu. Naambiwa mtaala unatukimbia."

"Unakimbia na nani, kama watoto wamebaki nyuma?"

Mtaani hakuna anayewajua wazazi kama anayewashonea. Wiki ile, kila aliyekuja kupimwa alitoka na agizo. "Leo mpe mwanao kitu asichowahi kukiona, asome mistari mitatu. Usimpige, usimcheke. Sikiliza tu." Walirudi mmoja mmoja, wengine hata nguo hazijawa tayari. Mwashi mmoja, baba wa mapacha, aliketi kwenye benchi. "Wote wawili," akasema. "Na mimi nilikuwa nawaita wavivu."

Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi. Afisa elimu alialikwa kuja kuipongeza shule. Mwalimu mkuu akasoma asilimia zake, na wazazi wa mbele wakapiga makofi. Fundi akasimama.

"Mwanangu yuko darasa la tano na hajui kusoma. Hizo asilimia ni za watoto wa wapi?"

Mwalimu mkuu akatabasamu. "Binti yupo hapo nje. Aitwe, asome mbele yetu, ubishi uishe."

Dirishani fundi aliona kichwa cha Chiriku kikizama chini ya kizingiti.

"Hasomi," alisema. "Mwanangu si kielelezo cha kesi yako. Mlimwacha gizani miaka mitatu, leo mnataka kumwashia taa aaibike? Waulizeni wazazi. Ndio sisi tuko hapa."

Kisha mwashi akasimama. "Wangu wawili hawajui." Mama mmoja nyuma akainuka: "Wangu pia." Wakaendelea kuinuka, viti vikikwaruza sakafu, mpaka afisa elimu akaacha kuandika. Wa mwisho kusimama hakuwa mzazi.

"Alama za darasa la tano nilizijaza mimi," alisema mwalimu mwembamba. "Niliagizwa, na nilijua ni uongo. Naomba radhi kwa watoto kwanza."

"Mambo haya yana ngazi zake," afisa akasema.

"Basi tuonyesheni ngazi," mwashi akamjibu, "mimi nazijenga kila siku, ya kwenu sijawahi kuiona."

Jumatatu, ile saa ya asubuhi aliyoiomba mwalimu ikapatikana. Hakuna aliyekiri kwamba kuikataa mwanzoni kulikuwa kosa; ilisemwa tu kuwa shule imebuni mpango. Chiriku akaketi kundi moja na watoto waliomfikia kiwikoni. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani kimya, jambo lililowatisha majirani. Wiki ya nne alisoma "maharage" neno zima, akapiga yowe darasani. Kufikia mwisho wa mwaka, kati ya wale thelathini na mmoja, ishirini na wawili walikuwa wanasoma. Chiriku alisoma kila kitu, hata matangazo ya dawa za mende.

Mwalimu alipewa barua ya onyo kwa "kuidhalilisha shule". Wazazi waliandika kumtetea, wakatia saini sitini na tatu. Jibu halijaja.

Watu humwambia fundi ashukuru, mwanawe ameokoka. Yeye huendelea kukanyaga cherehani. Hushukuru, ndiyo, lakini hasahau hesabu: watoto wa darasa la saba la mwaka ule waliondoka shuleni na "vizuri sana" zao mkononi, na hakuna aliyewafuata kuwauliza kama wanaweza kuzisoma.