Saa Sitini na Moja

Ofisini walimwita Bwana Vitufe, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu na kuziandikia. Ndiyo, hiyo ni kazi, tena ina mshahara; usikunje uso, maana wajomba zake walishakunja nyuso wakachoka wenyewe. Kila Jumamosi gazeti lilimpa ukurasa mmoja, wa pili kutoka mwisho. Nusu ya juu aliiita "Ninachocheza", akaeleza gemu iliyomkalisha kitako wiki hiyo na nyota alizoipa. Nusu ya chini ilikuwa ya habari: gemu ya mbio za magari iliyoahirishwa kwa mara ya tatu, seva za gemu kongwe zitakazozimwa mwisho wa mwezi huku wachezaji wake wakilia kama wamefiwa, studio kubwa iliyofukuza watu mia mbili siku moja baada ya kusherehekea mauzo.

Na chini kabisa ya uhakiki, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari ambao wenzake wengi hawathubutu kuuandika: "Saa nilizocheza." Bwana Vitufe hakuwahi kuhakiki gemu kwa kuichungulia tu. Alicheza, akahesabu, akaandika. Heshima yake yote ilikuwa hapo, na alijivunia sana, pengine kupita kipimo kidogo.

Wiki hiyo alikuwa na gemu mpya inayoitwa "Nyumba ya Wageni Bondeni". Ilitengenezwa na watu wawili tu, kaka na dada, sebuleni kwao. Mchezaji anarithi nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, paa linavuja, mapazia yamechanika, na wageni wanaanza kuja kabla hajawa tayari. Anatengeneza, anashona, anapika chai, anasikiliza siri za watu. Chumba namba tisa kimefungwa, na ufunguo wake hauonekani.

Alicheza jioni, baada ya kula, sebuleni, na pale sebuleni hakuwa peke yake. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao miezi mitatu baada ya kupasuliwa goti. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na mwaka mmoja uliopita alikuwa amefiwa na mumewe. Mchana kutwa alikaa dirishani na mguu juu ya kigoda. Binti yake, yaani mke wa Bwana Vitufe, alikuwa na wasiwasi. "Mama anakauka," alimwambia mumewe jikoni. "Namwona hivi hivi anakauka." Na Bwana Vitufe angefanya nini? Kati yake na mama mkwe palikuwa na shikamoo na marahaba, umeamkaje na nashukuru, basi. Jioni alipocheza, yule mama alitazama kioo cha runinga pamoja naye bila kusema kitu, ila mara moja moja alisonya, na Bwana Vitufe alidhani ni goti.

Siku ya tatu akaona ajabu. Alifungua gemu akakuta chumba cha pili kimewekwa mapazia mapya, marefu, yenye marinda yaliyonyooka. Yeye alikuwa amekiacha na vitambaa vifupi vilivyoning'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Siku ya nne mzee mmoja mgeni, aliyekuwa amenuna tangu afike, alikuwa anacheka varandani. Siku ya sita, lo! Chumba namba tisa kilikuwa wazi. Jioni nne nzima alikuwa ameutafuta ufunguo ule chini ya kila zulia, na sasa mlango uko wazi na taa inawaka ndani.

Mtu mwingine angejiuliza. Bwana Vitufe hakujiuliza, kwa sababu alikuwa mtaalamu, na mtaalamu akiona asichokielewa hukitafutia jina. Mkewe hakuwa na habari na gemu. Kuhusu mama mkwe, angemshuku paka kwanza, na paka hawakuwa naye. Akaamua kwamba gemu yenyewe inaendelea kuishi mchezaji anapoondoka. Aliruka kwenye kiti kwa furaha. Akaandika kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho, kwamba nyumba ile inajitengeneza wakati wewe umelala, kwamba wageni wanazoeana bila wewe. Akaipa nyota tano, mara ya kwanza katika miaka sita. Kisha akatazama pembeni ya kioo mahali mashine inapohesabu muda, akanakili kama alivyozoea: saa sitini na moja. Gazeti likatoka.

Jumanne mhariri akamwita. Mhariri alikuwa mwanamke mtaratibu, asiyepandisha sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Kaa," alisema, akamsogezea barua iliyochapwa. "Hawa ni kaka na dada waliotengeneza ile gemu yako. Soma."

Bwana Vitufe akasoma akitegemea shukrani, na kweli zilikuwepo. Waliandika kwamba nyota tano ziliwaliza. Lakini wakaendelea: "Kuna jambo hatulielewi. Mhakiki anasema nyumba inajitengeneza mchezaji akiwa hayupo. Sisi hatukuweka kitu hicho. Hata tungetaka, hatujui kinawekwaje. Tafadhali asahihishe, watu watainunua wakitafuta kisichokuwemo, halafu watatulaumu sisi."

Bwana Vitufe akairudisha barua mezani.

"La pili," mhariri akasema. "Umeandika saa sitini na moja. Gemu ulipewa siku tisa kabla ya gazeti kutoka. Na siku zote za kazi nilikuona hapa asubuhi mpaka jioni, tena ukinywa chai yangu. Umecheza saa ngapi wewe?"

Akahesabu kwa vidole, pale pale, kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa mbili na nusu kila jioni, siku moja aliwahi kulala. "Ishirini na mbili," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Kwa hiyo thelathini na tisa umezitoa wapi?"

"Sijui, bosi. Wallahi sijui."

Mhariri akaikunja ile barua. "Nimeutetea ukurasa wako miaka sita. Kila mwaka wakubwa wa huko juu wanataka kuweka matangazo ya matairi, na kila mwaka nawaambia wasomaji wanamwamini yule mtu. Kama umetunga, sina la kuwaambia tena. Nenda ukatafute jibu. Saa nane mchana nalitaka hapa mezani, ama Jumamosi hii wanaingia matairi."

Akashika njia ya nyumbani, roho mkononi. Bila ule ukurasa yeye alikuwa nani? Mtu mzima anayebonyeza vitufe, kama wajomba walivyosema.

Aliposukuma mlango alisikia sauti sebuleni. "Toka hapo, we mzee! Unakanyaga pazia, hulioni?"

Akachungulia. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, miwani puani, pedi ya kuchezea gemu mkononi. Vidole gumba vyake viwili vilikwenda kasi ambayo Bwana Vitufe hakuwahi kuifikia hata alipokuwa kijana.

"Shikamoo, mama."

Pedi ikapotea chini ya mto, fyaa! "Marahaba, mwanangu. Umerudi mapema."

"Nimerudi mapema."

Mama mkwe akatazama dirishani, mpole, mgonjwa wa goti. Kwenye kioo birika lilikuwa linachemka, na mgeni wa chumba cha nne amesimama anasubiri na kikombe kitupu. Birika likapiga filimbi. Likapiga tena. Mama mkwe akajikaza kisabuni, akajikaza, mwisho akashindwa akaivuta pedi.

"Samahani, baba. Huyu akiondoka bila chai harudi tena."

Akammiminia chai mgeni, akamsindikiza mpaka chumbani, ndipo akaiweka pedi mapajani na kuinamisha kichwa. "Nilikuwa nafanya moja tu," alisema. "Yale mapazia yako ya chumba cha pili. Umekata kitambaa bila kupima, mwanangu! Dirisha futi tano, wewe unakata nne. Usingizi haukunijia. Nikasema kesho wakitoka nirekebishe hilo moja, niache. Sasa nimefika kurekebisha nikaona chumba cha tatu nacho..."

"Na namba tisa? Ufunguo uliupata wapi?"

"Kwenye pindo la pazia kuukuu, lile ulilolitupa uani. Lilikuwa linaning'inia vibaya upande mmoja. Pazia halining'inii hivyo ila ndani kuna kitu. Nikafumua." Alimtazama kwa huruma. "Wewe usingeweza kujua."

Bwana Vitufe akakaa. Aliona haya, na wivu, ndiyo, wivu kabisa, jioni zake nne chini ya mazulia! Lakini alipomwangalia yule mama aliona mashavu yamejaa na macho yana moto. Hakuwa amemwona hivyo tangu msiba. Furaha ikamshika bila kutaka.

"Nimekuharibia kazi?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama." Akafikiri. "Kidogo."

"Basi sirudii. Ila nakuomba, usimwambie mwenzio. Atasema mama karudi utotoni, ataanza kunilaza kitandani. Niahidi."

Akaahidi.

Saa nane kasoro tano alikuwa mbele ya mhariri. Akasema kuna mtu mwingine nyumbani kwake aliyecheza kwenye gemu yake mchana, saa thelathini na tisa, na yeye kwa kujiona mjuzi aliyasifu mapazia ya mtu kama uchawi wa mashine.

"Nani huyo?"

"Nimeahidi kutomtaja."

"Bwana Vitufe, unajua inavyosikika?"

"Najua. Weka matairi kama ni lazima. Simtaji."

Mhariri akazungusha kalamu. Mwisho akasema masahihisho yataingia Jumamosi juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa zile zile zilizobeba sifa, na Jumatatu ataamua kama kuna ukurasa tena. Bwana Vitufe akaandika yote, hakujionea huruma. Aliandika kwamba alikosea, kwamba gemu haijitengenezi, kwamba saa zake ni ishirini na mbili tu, na zilizobaki ni za "mtu mmoja wa nyumbani". Nyota tano akaziacha, kwa sababu nyumba ya wageni inayomfanya mtu akose usingizi kwa ajili ya pazia inazistahili.

Jumamosi asubuhi gazeti lilikuwa mezani. Mama mkwe alivaa miwani akasoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipomaliza akalikunja. Hakugusa chai.

"Mama, vipi?" binti yake akauliza.

"Nasoma habari za mtu mmoja."

Bwana Vitufe akaweka kikombe chini.

"Mtu mmoja ndio nani?" mama mkwe akamgeukia. "Saa thelathini na tisa, goti linaniuma, nimeshona madirisha ishirini na nne, nimefungua mlango uliokushinda. Halafu mtu mmoja?"

"Mama, si uliniomba mwenyewe..."

"Niliomba usimwambie huyu. Gazeti sikulisema!"

"Usimwambie nani? Nini?" binti akatoa macho, akimtazama huyu, akimtazama yule.

"Mimi ndiye niliyecheza gemu ya mumeo," mama yake akasema. "Kila siku mkishafunga mlango. Cheka ukitaka."

Binti hakucheka.

Mama mkwe alikuwa amelaza kiganja juu ya gazeti. Sauti yake ilishuka. "Miaka thelathini na minane nilishona kwenye duka la baba yako. Mashati ya mji huu, nusu yake yamepita mkononi mwangu. Pale mlangoni kibao kiliandikwaje? Jina lake, halafu 'na Wanawe'. Na Wanawe! Kaka zako hawajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano. Sikusema kitu, siku ile wala baadaye. Lakini nimezeeka sasa, sitaki kuwa mtu mmoja tena."

Binti alisogeza kiti chake karibu na cha mama yake. Bwana Vitufe akachukua simu akatoka nayo uani, akampigia mhariri nyumbani kwake, siku ya mapumziko, jambo ambalo ofisini hakuna aliyewahi kulifanya akabaki salama. Akamweleza.

"Ufunguo aliutoa kwenye pindo?" mhariri akauliza.

"Kwenye pindo, bosi."

"Nimekwama pale na mimi, tangu Jumatano." Akakohoa. "Ukurasa unabaki. Lakini Jumamosi ijayo nusu ya juu ni yake. Na aandikwe sawasawa."

Wiki nzima waliandika pamoja. Mama mkwe alisema, Bwana Vitufe akaandika, na alipojaribu kutia madoido mama mkwe alimwambia afumue. Jumamosi ikatoka. Habari za gemu zilizoahirishwa zilikaa chini mahali pake, na juu, chini ya kichwa cha habari, palisomeka jina lake kamili, halafu: "Fundi cherehani. Saa alizocheza: thelathini na tisa."

Mama mkwe alisoma mstari huo, akarudia. Kisha akaomba aletewe mkoba wake, akatoa mkasi wake wa kitambaa, ule mweusi mzito. Binti yake alishtuka. Nyumbani kwao, tangu wakiwa wadogo, mtoto aliyekata karatasi kwa mkasi ule alichapwa, kwa sababu karatasi inaua makali na mkasi haufai tena kwa nguo.

"Mama, karatasi hiyo!"

"Naiona," alisema mama yake, akaanza kukata ukurasa kuzunguka pembe zake, taratibu, kwa mkono ulionyooka.