Mikorosho ya Shemeji Shaibu

Kwetu Mtua, shamba letu lilikuwa la ukoo wa mama, lakini mkorosho ni wa aliyeupanda. Ndiyo maana dada yangu Amna alipofariki, mimi nilinoa ulimi mapema. Mumewe, shemeji Shaibu, alikuwa amepanda mikorosho thelathini kwenye shamba hilo, na mama yetu hakuwa na kingine cha kumtunza uzeeni.

Baada ya arobaini tukakaa kikao. Shaibu alitusikiliza, kisha akasema mikorosho yote ni ya mama. Akachukua jembe lake na baiskeli, akarudi kwao Nkowe, hata nyuma hakugeuka. Maneno niliyoyaandaa wiki nzima yakanidodea mdomoni.

Badala ya kushukuru, nikakasirika. Nilimwambia mama kwamba huyu hakumpenda dada, maana mwenye kupenda hang'oki kirahisi hivyo. Ustadhi Anuari, anayewasomesha watoto wetu madrasa, akanikanya. Akasema hiyo ndiyo zuhudi, neno lililotufikia pamoja na dini: kitu kiwe mkononi, moyoni kisitawale. Mama, ambaye Kimwera ndicho kinachomtoka vizuri, akasema neno hilo limemkuta mkubwa, lakini watu wa namna hiyo aliwakuta tangu utoto wake. Mimi niliguna tu. Kuacha usichokipenda, nikawaambia, hata mbuzi anaweza.

Mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza kudondoka, nilikwenda shambani kusafisha chini ya miti. Nikakuta kumi na miwili imeshafyekewa na kufagiliwa. Chini ya wa kumi na tatu alikuwa Shaibu, ameinama, shati limemlowa mgongoni. Alikuwa ametoka Nkowe kwa baiskeli, safari ya kumtoa jasho hata kijana.

Nikamuuliza kwa ukali amekuja kudai nini.

"Sidai kitu, shemeji. Mama hawezi tena kuinama. Korosho zikiangukia kwenye majani, hataziona."

"Si uliiacha mwenyewe mikorosho hii?"

Akanyooka polepole, akajifuta uso kwa kiganja.

"Niliacha kuvuna," akasema. "Kupalilia sikuacha. Tuliipanda na Amna."

Niliona haya, na katika haya ile nikamheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kugombana naye. Nikaokota fagio, nikaanza wa kumi na nne.