Kikohozi cha Mawe

Baridi kali ya Kashmir inapofika, ile inayogandisha hata maji ya mtungini, Subhan hachongi mawe uani. Huyaingiza bandani, hufunga mlango, huziba nyufa kwa magunia na kuweka chungu cha makaa kati ya miguu. Wachonga mawe wote wa kijiji chao, nje kidogo ya Srinagar, hufanya vivyo hivyo. Kiangazi jiwe humwagiwa maji ili vumbi litulie. Wakati wa baridi maji hayo huganda na kulipasua, basi huchongwa kavu, na vumbi halina pa kwenda. Jioni Subhan hutoka mweupe tangu utosini hadi nyayoni, na mkewe Zuni humpangusa kwa ufagio kabla ya kumruhusu aingie kunywa chai ya chumvi.

Mwaka huo alikuwa na kazi ya Haji Ghafar, ngazi nzima ya nyumba mpya. Subhan hana bosi. Asipochonga, hakuna anayemlipa kwa kukaa.

Jiwe la kwanza lilikohoa alipoliegemeza ukutani. Lilikohoa kikohozi kikavu, kisha likavuta pumzi kwa taabu. Zuni, aliyekuwa ameleta mikate, alisikiliza na kusema huyo ni baba mkwe. Subhan akakubali. Marehemu mzee Khazir alichonga katika banda hilohilo hadi mapafu yakamwishia, na Zuni ndiye aliyemuuguza. Akalifunika jiwe blanketi, wakaenda kula.

Yaliyofuata yalikohoa pia, hasa magharibi. Majirani walizoea. Haji alipokuja kukagua aliuliza kama yana ufa, Subhan akamhakikishia hayana.

"Basi yakohoe tu," Haji akasema. "Mgeni akizidisha kukaa, ngazi itamfukuza."

Wakacheka, hata Zuni, ingawa si sana.

Siku moja Zuni aliingia bandani na chai, akasikia jiwe lililokuwa mbele ya mumewe likikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mzee. Hiki kilikuwa chepesi, cha mtu anayejizuia asisikike. Alikijua vizuri, maana kila usiku alilala kando yake akijifanya amepitiwa na usingizi.

"Hilo ni wewe," akasema.

Subhan akalipuliza vumbi. "Ni mimi."

"Acha kazi hii, bwana. Nakuomba. Kaka yangu anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye mitufaha."

"Saa hizi mitufaha ni vijiti tu, Zuni. Tutakula kuni?"

"Basi angalau fungua mlango."

Akaufungua. Baridi iliingia moja kwa moja, na chai haijapoa vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Patasi ikamponyoka, ikamega ukingo wa jiwe, kisha ikamchana kiganja. Zuni alikifunga kidonda kwa kipande cha mtandio wake. Alikuwa akilia, wala hakuficha. Halafu akainuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango.

Haji alikuja na lori mapema kuliko walivyopatana, kwa kuwa waashi wake walikuwa wamepatikana. Uani maji yalikuwa bado yameganda. Vibarua walipakia mawe, yakakohoa yakipandishwa, nao wakayashika kwa uangalifu zaidi. Mwisho ikaonekana limepungua moja. Lilikuwa ndani ya nyumba, karibu na jiko, lile lililomegeka ukingo. Zuni alikuwa amelilaza juu ya godoro na kuliwekea mto.

"Hilo halitoki," akasema.

"Shemeji," Haji akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "nitapandaje ngazi yenye pengo?"

Zuni alilivuta blanketi likalifunika jiwe vizuri, akaketi kando yake. Haji akamgeukia Subhan. Subhan alimtazama mkewe, akatamani kulala pale kwenye godoro, alale hadi theluji iishe. Kisha akamwambia Haji asiwe na wasiwasi, lingine litakuwa tayari kabla ya Ijumaa.

Alirudi bandani na kuchagua jiwe ghafi kutoka kwenye rundo la pembeni. Lilianza kukohoa kabla hajaliwekea patasi, likakohoa kwa muda mrefu. Subhan alilisubiri limalize, kisha akaanza kuchonga.