Shangazi Kwenye Kisanduku cha Kutafutia

Kikao cha kuchagua injini ya kutafutia kilifanyika sebuleni kwa shangazi yake Mlezi, kwa sababu mradi haukuwa na ofisi na shangazi hakuwa na roho ya kufukuza watu. Kivinjari chenyewe, programu ya kufungulia tovuti waliyokuwa wakiiunda, kilikuwa huria: yeyote aliruhusiwa kukifungua, kukichungulia hadi utumbo na kukirekebisha, na wajuaji hawakukosekana. Kilibaki kitu kimoja tu. Mtu akiandika swali kwenye kile kisanduku cha juu, naye hajachagua injini yoyote, swali lake liende wapi?

Mlezi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyeulea mradi, alikuwa na shida nyingine kabisa kichwani. Alitaka kumuoa Mchoraji, yule dada aliyechora nembo na vitufe vyote vya kivinjari, na kuhamia kwake, na jambo hilo alikuwa hajamwambia shangazi. Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana meno mawili, peke yake, kwa kushona sare za shule. Bila baraka zake Mlezi asingeoa hata kwa mtutu wa bunduki. Alijiapiza kwamba kikao kikiisha tu, anasema.

Kikao hakikuisha. Ikapendekezwa injini kubwa inayojulikana na kila mtu. Fundi wa usalama, waliyembandika jina la Pingamizi, akapinga kwamba inauza maneno ya watu kwa wenye matangazo. Ikapendekezwa ndogo; akapinga, inakumbuka mno. Ikapendekezwa nyingine iliyosifika kwa kusahau. Akaijaribu papo hapo, ikasahau alichouliza kabla ya kumjibu. Mlezi akainuka kwenda jikoni kuosha vikombe na kuyafanyia mazoezi maneno yake mbele ya sinki. Hapo ndipo alipoponzeka.

Huku nyuma Pingamizi aliuliza hewani chaja yake iko wapi. Shangazi, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamjibu kwamba ameikalia, na kweli alikuwa ameikalia. Mchoraji akacheka, akasema basi tumweke shangazi.

Sasa, mradi ule ulikuwa na kanuni zake. Pendekezo likishatamkwa ni pendekezo, mzaha au si mzaha, na lazima lipimwe. Na aliyetoka chumbani amekubali. Pingamizi akafungua vigezo vyake, uso mkavu. Je, shangazi anauza taarifa za watu? Shangazi akauliza amuuzie nani. Anawafuatilia watu mtandaoni? Bila miwani hata simu yake mwenyewe haioni. Atamjua anayeuliza? Hapana, swali litamfikia bila jina. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze Pingamizi alikosa la kupinga, na alikaa pale kama mtu aliyeibiwa.

Mlezi aliporudi na vikombe, shangazi alikuwa ameshawekwa.

Watu walikipenda kivinjari, hilo lisifichwe. Mtu alitafuta namna ya kuondoa doa la wino, akaletewa dawa ya doa pamoja na swali la nani alimpa kalamu mtoto. Aliyetafuta nyumba ya kupanga ya bei nafuu aliulizwa amegombana na nani. Mhandisi mmoja alibandika ujumbe mrefu wa hitilafu, mistari na mistari, akajibiwa: zima, ule, ulale. Akarudi kesho yake kushukuru. Kuna waliosubiri jibu tangu asubuhi hadi jioni, na walisubiri bila kunung'unika, maana injini nyingine hazikuwahi kuwauliza kama wamekula.

Aliyeumia ni Mlezi. Cherehani ilifunikwa shuka, kompyuta ikawekwa juu yake, na kila alipojikohoza aanze habari yake, shangazi aliinua kidole, macho kwenye skrini. Subiri, baba, kuna watu. Alipopeleka hoja kwenye mradi kwamba shangazi aondolewe, Pingamizi, ambaye hakuwahi kupenda kitu maishani mwake, aliipinga.

Mchoraji naye akachoka. Alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba haelewi kama shangazi hana nafasi au Mlezi mwenyewe hana ubavu.

Siku hiyo Mlezi alijifungia chumbani, akafungua kivinjari chake mwenyewe, na kwenye kisanduku akaandika: "Nimelelewa na shangazi yangu. Nataka kuoa na kuhama. Nimwambieje asiumie?"

Ng'ambo ya ukuta alisikia kidole kimoja kikidonoa vitufe, kikanyamaza. Akadhani mtandao umekatika. Kisha kikaanza tena, polepole, na jibu likaingia.

"Hata umwambieje ataumia. Mimi nina wangu. Anataka kuoa, na anadhani sijui. Kila akikohoa aniambie, nakimbilia kuwajibu watu. Naogopa siku nitakayopika nikala peke yangu. Wako usimzunguke. Mwambie leo, na umwambie siku mtakazorudi kula."

Mlezi alilisoma, akalisoma tena. Alijisikia mjinga, halafu akajisikia mtoto, halafu akainuka.

Shangazi alikuwa akifuta miwani kwa upindo wa gauni, na kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Alipomwona tu, kidole kikapanda juu.

"Subiri, baba. Kuna kijana wa watu hapa ana shida, nataka nijue kama ameelewa."

"Ameelewa," Mlezi akasema. "Anasema watakuwa wanakuja kula kila Jumapili. Wote wawili."

Kidole kilibaki hewani kidogo, kisha kikashuka. Kwenye skrini maswali yalianza kupangana: mmoja na bomba lake linalovuja, mwingine na mwajiri wake, wa tatu akitaka kujua nyangumi hulalaje. Simu ya Mlezi ikalia. Alikuwa Pingamizi, akiuliza kulikoni injini imesimama. Hakuna aliyeipokea. Shangazi alivaa miwani, akamtazama Mlezi kuanzia juu hadi chini, kama anayempima kitambaa.

"Na Alhamisi," akasema. "Jumapili na Alhamisi."