Sweta la Masjala

Ijumaa, chai ya saa nne ilipokwisha, Tumpe alivua sweta lake la zambarau, akauvisha mgongo wa kiti, na mkono wake mmoja akaulaza juu ya jalada lililo wazi. Kalamu akaiacha bila kifuniko. Kisha akabeba begi, akapita mlango wa nyuma kama anakwenda maliwatoni, akatokea barabarani kutafuta basi la Iringa.

Ujanja huo hakuubuni yeye. Pale kwenye shirika la maghala, Mbeya mjini, kila mfanyakazi mwenye akili zake alikuwa na koti la kuvaa na koti la kuacha. Ukikuta koti kwenye kiti, mwenyewe yupo: labda katoka kutoa kopi, labda yuko kwa mhasibu, wewe subiri. Koti la kijivu la meneja, Bwana Clement, liliwahi kukaa ofisini wiki nzima mwenyewe akiwa Chimala anaangalia mpunga wake, na watu walisubiri bila kunung'unika.

Tumpe alikuwa mhudumu wa masjala. Kazi yake ilikuwa kutafuta majalada, kuyapeleka yanakotakiwa na kuyarudisha kabatini. Alitaka jambo moja, wala hakulifanya siri: awe afisa utumishi, akae kwenye kile chumba chenye zulia, watu wabishe hodi kabla ya kuingia. Ndipo alipoomba ruhusa ya kwenda kusoma.

"Soma, mama, nani kakukataza?" Bwana Clement alimwambia. "Ila kiti kisikae wazi."

Basi kiti hakikukaa wazi. Tumpe akaanza shahada ya usimamizi wa rasilimali watu kwenye chuo kimoja cha Iringa kinachofundisha watu wa makamo mwisho wa wiki. Binti yake, Blessing, alimwachia jirani. Kule Iringa alipanga chumba Kihesa, chenye kitanda na ndoo. Wenzake darasani walikuwa watu wa mji ule. Kipindi kikiisha kila mmoja alikimbilia kwake. Yeye alikula chipsi zake amesimama, akarudi chumbani kukariri nadharia za motisha kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Mhadhiri alisema mfanyakazi ndiye rasilimali ya kwanza ya taasisi yoyote. Tumpe aliandika maneno hayo, akayapigia mstari.

Jumatatu moja alirudi kazini, akakuta majalada yote yaliyoombwa tangu Ijumaa yamepelekwa na yamesharudi mahali pake. Getini, Rabson mlinzi alikuwa amenuna.

"Ijumaa umetoka hapa jioni, dada. Nimekusalimia, hukuitika."

"Mimi?"

"Sweta lako," Rabson akasema, akaendelea kumenya muwa.

Tumpe akaenda kuliangalia. Lilikuwa na wino kwenye mkono wa kulia na vumbi la makabati kifuani. Alilifua vizuri, akalianika, akamshukuru Mungu. Wiki iliyofuata aliliacha tangu Alhamisi.

Likazoea. Likajua nani anataka jalada gani, na nani anataka tu kuonekana anataka jalada. Saa nne lilikaa mezani na wenzake, likawekewa kikombe chake, na chapati yake akaila yeyote aliyewahi. Mhasibu alipofiwa na mama yake huko Tukuyu, sweta lilipanda gari la ofisi pamoja na wengine, likarudi na tope jekundu kwenye pindo. Watu wa msiba walisema lilikaa nao vizuri sana. Tumpe alikuja kuusikia msiba huo baada ya mwezi, akampa mhasibu pole, mhasibu akamwambia asante, ulishanipa.

Jioni sweta lilikwenda nyumbani, Isyesye. Lingekwenda wapi kwingine? Blessing alimpigia mama yake simu.

"Usimsumbue tena jirani, mama. Sweta lipo."

"Linakusaidia?"

"Linakaa na mimi mpaka nimalize homuweki."

Tumpe alisema afadhali. Siku ile alikuwa njiani, na basi liliposimama Chimala alilia, akajikaza, akalia tena, mpaka muuza mchele mmoja dirishani akamuuliza kama anaumwa jino. Akasema ndiyo.

Mwaka wa mwisho ulikuwa wa mazoezi ya vitendo na ripoti ya utafiti, akakaa Iringa miezi kwa miezi. Kipaimara cha Blessing kiliangukia wiki ya mitihani. Alimwomba mhadhiri, mhadhiri akasema mtihani ni mtihani. Sweta lilisimama kanisani mahali pa mzazi. Kwenye picha aliyotumiwa, Blessing amevaa gauni jeupe na mkono wa zambarau umekaa begani kwake, wala hakuna mtu nyuma yao anayeutazama. Tumpe aliikuza picha ile kwa vidole mpaka ikabaki rangi tupu.

Mei Mosi, sweta likatangazwa mfanyakazi bora. "Halina maneno, halichelewi, haliombi ruhusa," Bwana Clement alisema kwenye kipaza sauti, na uwanja ukapiga makofi.

Mahafali yakafika, msimu wa mvua. Tumpe aliwaalika watu wa ofisini. Wakasema wangefurahi sana, ila mwenzao yuko kazini, si vizuri kumwacha. Alimwalika Blessing.

"Mama, natamani kweli. Lakini na mvua hizi nitaliachaje sweta peke yake? Likilowa halikauki."

Chuoni kila aliyetoka ukumbini alidakwa na ndugu zake, akavikwa mashada ya karatasi za kumetameta hadi masikio yakapotea. Watu walipiga vigelegele, wakakanyagana. Mwanamke mmoja wa Kihehe alimshika Tumpe mkono, akamsalimu kwa kwao, kamwene, akamwambia hongera mwanangu, kisha akagundua siye aliyekuwa akimtafuta, akaenda. Tumpe alitoka getini, akanunua shada la bluu, akajivika mwenyewe. Mpiga picha akamuuliza wa kwao wako wapi.

"Wako kazini," akasema.

Jumatatu asubuhi alibisha hodi kwa Bwana Clement, cheti kiko ndani ya bahasha ya kaki. Bwana Clement alisimama, akampa mikono miwili.

"Hongera sana, Tumpe. Umekaza buti, nakuvulia kofia. Ungetuambia mapema tu. Nafasi ya afisa utumishi tumeshaijaza mwezi uliopita."

"Kaipata nani, bosi?"

"Mwenzako."

Tumpe hakuuliza mwenzake yupi. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Kule ndani, kwenye zulia, sweta lilikuwa limekaa wima mezani na mkono wake juu ya jalada. Lilikuwa limepigwa pasi.

"Ile shahada uliyonayo mimi siidharau," Bwana Clement akaendelea kwa upole. "Lakini yeye ana uzoefu. Tangu uanze kusoma hajakosa siku hata moja. Nikimruka, wafanyakazi watanielewaje?"

"Lile ni sweta langu."

"Ndiyo. Ndiyo maana tulikuwa na imani naye." Akamsukumia cheti chake taratibu juu ya meza. "Kiti cha masjala kiko wazi tangu apande cheo. Kitafaa ukikikalia leo leo."

Tumpe akakikalia. Kilikuwa cha baridi, na Mbeya asubuhi ile ilikuwa na ukungu, naye hakuwa na kitu cha kujifunika. Kabla ya chai, afisa utumishi alihitaji jalada. Tumpe alilitafuta, akalipata, akabisha hodi, akasubiri, akaingia. Alisimama pale kwenye zulia na shahada yake kichwani mpaka ilipoonekana kwamba anaweza kwenda.

Jioni alipanda kilima cha Isyesye kwa miguu. Sweta lilikuwa limeshafika, maana maafisa hurudishwa na gari. Lilikuwa limekaa karibu na jiko la mkaa, na Blessing ameliegemea, anasoma. Alikuwa amerefuka. Alipomwona Tumpe mlangoni aliinuka haraka, akapiga goti kidogo kama watoto waliolelewa vizuri wanavyofanya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Blessing akafuta kiti kwa khanga, akakisogeza. Akafungua kabati la vyombo, akatoa kikombe chenye kisahani, kile cha wageni, akakisuuza, akamimina chai akiangalia isimwagike.

"Karibu. Pole na safari," akasema. "Utalala, au unarudi leo?"

Tumpe alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, kikampa joto.

"Nitalala," akasema, "kama nafasi ipo."

Blessing akageuka kuliangalia sweta. Sweta likasogea kidogo.