Hesabu Mpaka Kumi

"Hapa unawasha, hapa unazima," Fundi alimwambia kijana mwenye cheti, akimwonyesha mashine ya kukandia unga. Kiwanda kizima cha mikate kilimwita Fundi, lakini kwenye daftari la getini alikuwa kibarua tu. Miaka kumi na mmoja, jina linaandikwa asubuhi, linakatwa jioni.

Alfajiri mkewe alikuwa amempigia shati pasi. "Leo wanakuajiri, baba watoto. Nani mwingine anayemuweza yule bibi kizee wao?" Bibi kizee ndiyo mashine. Walicheka, na wote wawili waliamini.

Kumbe ameitwa kumfundisha kijana aliyepewa nafasi hiyo. "Mwelekeze mwenzako, halafu ukapumzike nyumbani. Tutakuita," msimamizi alisema, macho pembeni.

Hata hivyo Fundi alifundisha: kiasi cha maji, mlio wa mkanda ukilegea, mahali pa kupiga kofi mota ikigoma. Jambo moja akalimeza. Bibi kizee ukishamzima hutulia kabisa, kisha hujizungusha mara moja zaidi. Lazima uhesabu mpaka kumi ndipo utie mkono kukwangua unga. Aliyemtangulia Fundi hakuhesabu, akaondoka na vidole pungufu. Atajijua, Fundi alijisemea. Si amesoma?

"Asante sana, mzee wangu," kijana alisema wakiagana. "Miaka minne natafuta kazi. Mama alishachoka kuniombea." Akampa mkono. Ulikuwa mkono laini, wenye vidole vyote vitano.

Fundi alifika kwenye kona ya barabara, miguu ikagoma. Akarudi mbio, shati la pasi limelowa jasho.

"Nifungulie, kuna kitu sikumwambia yule kijana!"

Mlinzi alikuwa rafiki yake wa chai wa miaka yote. Alitazama daftari, si uso wake. "Umeshakatwa, ndugu yangu. Nikikufungulia, kesho tutakuwa wawili huku nje."

"Basi nenda wewe. Mwambie ahesabu!"

"Niache geti? Na ahesabu nini?"

Ndani, ngurumo ya mashine ikakatika. Kukawa kimya.

Fundi alishika nondo za geti kwa mikono yote miwili.

"Moja!" akapaza sauti. "Mbili! Tatu!"