Bibi Mwonjaji na Boksi la Soya

Kifungo alipata jina lake akiwa na mwaka mmoja na nusu, siku alipomeza kifungo cheusi cha koti la mteja. Kifungo chenyewe kilitoka kesho yake bila shida, kikaoshwa mara tatu na kutupwa. Jina halikutoka. Tangu hapo mama yake, fundi umeme, akawa Mama Kifungo, na baba yake, fundi cherehani aliyeshonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, akawa Baba Kifungo hata kwa wateja waliokuja kupunguza suruali tu.

Sasa mtoto alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja asubuhi alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, akajizungushia mita nne za satini nyeupe na kutangaza kwamba yeye ni bibi harusi. Bibi harusi akapiga hatua tatu za maringo. Ya nne akaikanyaga satini.

Hospitalini daktari wa mifupa aliinua picha kwenye mwanga, akaitazama huku amekunja uso.

"Kifundo cha mkono kimepata ufa mdogo. Plasta wiki nne, basi." Akamgeukia baba. "Anakunywa maziwa?"

Baba Kifungo akajikuna shingo. Akaeleza kwamba nyumbani kwao hawali nyama wala samaki. Yeye alilelewa hivyo, na mke wake alijiunga walipooana. Maziwa ya ng'ombe nayo yanamdhuru mtoto: alipokuwa mchanga, kijiko kimoja tu cha mtindi kilimvimbisha midomo, akabanwa pumzi, wakakimbia naye hospitali.

"Kwa kuanguka huko, hata mimi ningepata ufa, na maziwa nakunywa kila siku," daktari akasema. "Silaumu mtu. Ila asipopata kalsiamu kwenye maziwa, lazima aipate kwingine. Nendeni kwa mtaalamu wa lishe. Kwanza andikeni kila anachokula kwa wiki nzima. Kila kitu, hata tonge."

Habari za plasta zilimfikia Bibi siku hiyohiyo, na kesho yake mchana Bibi mwenyewe alikuwa mlangoni na sanduku lake.

Bibi huyu, mama mzazi wa Mama Kifungo, hakuwa bibi wa kawaida mbele ya maziwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha maziwa. Kila alfajiri malori yalipanga foleni, naye alipita na kikombe chake cha chuma: anavuta harufu, anaonja, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anasema "pita" au "rudi." Aliwahi kurudisha lori zima kwa sababu ng'ombe mmoja kati ya mia mbili alikuwa amekula kitunguu. Dereva alikaribia kulia. Bibi hakuyumba.

Hakuwa na ubishi juu ya ugonjwa wa mjukuu. Siku ile ya mtindi, yeye ndiye aliyembeba mtoto mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki barabarani. Lakini kukubali ni kitu kimoja, na kuacha kuumia ni kingine.

"Nimenywesha mji mzima," alisema, akiipapasa plasta kwa ncha ya kidole. "Watoto wa watu wamekuwa warefu hadi wanainama milangoni. Wa kwangu mwenyewe hata tone!"

"Mama, usijali," Baba Kifungo akamtuliza mkwewe. "Mimi mwenyewe nasimamia lishe ya mtoto. Spinachi anakula karibu kila siku. Na maziwa ya soya natengeneza kwa mkono wangu, naloweka soya, nasaga, nachuja."

"Yale si maziwa, baba. Yale ni maji ya maharage yaliyovaa nguo nyeupe."

"Shikamoo tena, Mama," mkwe akasema kwa unyonge.

Wiki ile Baba Kifungo aliandika chakula cha mtoto kwenye daftari lake la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe, dada mmoja mchangamfu aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alipolifungua alisoma kwanza: "Kifua mia moja na mbili, mkono sitini, spinachi bakuli moja."

"Huyu mwenye kifua mia moja na mbili ni nani?"

"Mwalimu mkuu. Samahani. Vuka mstari."

Dada akavuka, akahesabu, akarudia kuhesabu. Kisha akaweka kalamu chini taratibu, na Baba Kifungo akahisi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Baba, unajitahidi sana. Lakini kalsiamu anayopata haifiki hata nusu ya anayoihitaji."

"Na spinachi yote ile?"

"Spinachi inayo, ila inaing'ang'ania. Ina kitu ndani yake kinachoifunga kalsiamu, mwili unaambulia kidogo sana. Ni mboga nzuri kwa mambo mengine. Kwa hili, mpe brokoli na mboga za jamii ya kabichi."

"Na soya yangu?"

Dada akamtazama kwa huruma ya kweli. "Soya ya nyumbani inajenga mwili, lakini kalsiamu yake ni haba. Nunueni ya boksi iliyoongezwa kalsiamu. Soma ubavuni, lazima iandikwe. Maharage meupe, mpeni. Ufuta, lakini usagwe, maana punje nzima huingia na kutoka salama salimini. Lozi zisagwe pia. Tini kavu. Na tofu, ile soya inayogandishwa kama jibini, ila iwe imegandishwa kwa chumvi ya kalsiamu, si kila tofu. Halafu acheze nje, jua limpige kidogo, mwili uweze kuitumia hiyo kalsiamu. Rudini baada ya wiki sita."

Njia nzima ya kurudi Baba Kifungo alitembea akilipekua daftari lake. Mama Kifungo, aliyekuwa bado na bisibisi mfukoni kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja, alimshika mkono. "Waya zote zilikuwepo," akamwambia. "Ulikuwa umeunganisha pasipopaswa tu." Hilo lilimsaidia kidogo.

Wiki zilizofuata jikoni palikuwa uwanja wa vita. Kifungo, mkono wa kushoto shingoni kwenye kitambaa cha maua alichoshonewa na baba yake, alikuwa hakimu mkali.

Tofu: "Hii sabuni."

Ufuta uliosagwa: "Huu mchanga uliolowa."

Tini kavu: "Hii imekufa lini?"

Maharage meupe aliyapanga ukingoni mwa sahani, moja moja, kama askari, na kuyaacha yalinde. Lozi alizipenda, lakini zile za kunyang'anya kwenye sahani ya mama yake tu. Mama Kifungo akaanza kujipakulia nyingi na kujifanya mchoyo.

Soya ya boksi ndiyo pekee iliyopita bila kesi. Glasi asubuhi, glasi jioni. Baba Kifungo akapata pa kushikilia. Kila alipommiminia mtoto, alimtazama mkwewe kwa jicho la ushindi, na Bibi aligeuza uso kama mtu aliyepishana na anayemdai.

Wiki ya pili Bibi alichoka kukaa pembeni. Alimkuta Baba Kifungo akimbembeleza mtoto kwa ngoma ya vijiko viwili na sufuria, jasho linamtoka, tofu ikiwa imepoa kwenye sahani.

"Baba Kifungo, acha," akasema baada ya kuonja kipande. "Unamwimbia mteja bidhaa mbovu. Hii tofu ina uchachu. Hata mimi ningeikataa. Umenunua wapi?"

Kesho yake walikwenda pamoja sokoni. Muuza tofu, bwana mmoja mwenye aproni ya plastiki, hakujua kilichokuwa kinamjia.

"Unagandishia nini?" Bibi akauliza.

"Inaganda tu, mama."

"Hakuna kinachoganda tu. Hata maneno yako hayajaganda. Unatia nini?"

Muuzaji akaangalia kushoto na kulia, akatoa ndoo chini ya meza. Siki. Bibi akashukuru kwa adabu, akahamia meza ya tatu, kwa mama mmoja ambaye aliulizwa swali hilohilo na kutoa bila kigugumizi paketi ya unga mweupe wa kalsiamu, jina limeandikwa juu. Bibi akaomba kipande, akakinusa, akakizungusha mdomoni, macho yamefumbwa. Wateja wakasimama kutazama.

"Pita," akasema.

Ile tofu waliikata vidogo vidogo, wakaikaanga mpaka ikawa na ngozi ya kahawia. Kifungo akala vipande vinne kabla hajakumbuka kukataa. Ufuta uliosagwa Bibi aliuchanganya na asali na chumvi kidogo, akaupaka kwenye mkate. Maharage aliyaponda, yakapoteza uaskari wao. Baba Kifungo alisimama kando na daftari lake, akiandika, na moyoni akiona haya na faraja kwa pamoja.

"Mama," akasema mwishowe, "unaweza kuonja na soya?"

Ilikuwa kama kumwomba mchungaji akaimbe baa. Bibi alifuta mikono. Kisha akaenda kwenye sanduku lake na kurudi na kikombe cha chuma, kimepauka ukingoni.

Akaonja glasi ya kwanza ya boksi jipya. "Tamu. Nyepesi. Haina makosa, haina maana." Akatema kwenye sinki. Akamimina mpaka nusu ya boksi, akaonja tena. "Vilevile." Boksi lililobaki kidogo tangu juzi lilikuwa kwenye friji. Akamimina kilichobaki, akaonja, na nyusi zake zikapanda.

"Hii ni soya nyingine?"

"Ni ileile, Mama. Ya chini ya boksi."

"Ina chokaa. Njoo, tia kidole."

Baba Kifungo akatia kidole ndani ya kikombe. Kweli: unga laini mweupe ulibaki kwenye ncha, kama chaki anayochorea vitambaa. Bibi akalichana boksi kwa mkasi wa fundi, mkasi ambao kwa kawaida hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Sakafuni mwa boksi mlikuwa na tope jeupe limejilaza limetulia.

"Hiyo kalsiamu yenu mliyoilipia," Bibi akasema, "imelala hapa chini. Nani humalizia boksi?"

Kifungo akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilikataa," Kifungo akajitetea haraka. "Ya mwisho inakwaruza ulimi."

"Nani humalizia?"

Baba Kifungo akakohoa. "Mimi, Mama. Natia kwenye uji wangu. Sipendi kitu kitupwe."

Mama Kifungo, aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya jikoni, alianza kucheka hadi ngazi ikatikisika. "Wiki mbili nzima!" akasema. "Tunamnywesha mtoto maji, baba mtu anajijengea mifupa ya tembo!"

"Kwani imeandikwa wapi kwamba inashuka chini?" Baba Kifungo akanyakua boksi, akasoma. Ubavuni, chini ya orodha ya viungo, kwa herufi ndogo kuliko sindano: Tikisa kabla ya kumimina. Mtu aliyesoma vipimo vya watu kwa miaka kumi na tano bila kukosea hata nusu sentimita alikaa chini kwenye kiti cha jikoni, akacheka yeye pia, ingawa kicheko chake kilianza kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo boksi lilitikiswa. Bibi alimfundisha mjukuu: mara ishirini, si kwa kiwiko bali kwa mwili mzima, maana mkono mmoja ulikuwa na plasta. Kifungo alishika boksi kwa mkono mzima, kifuniko kimekazwa, akaruka nalo uani kwenye jua la asubuhi, watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti. Siku moja kifuniko hakikukazwa. Shati la mwalimu mkuu, lililokuwa linasubiri kwenye kamba, lilipata kalsiamu ya kutosha.

Plasta ilitolewa siku yake, mfupa umeunga vizuri. Wiki ya sita walirudi kwa mtaalamu wa lishe, wote wanne. Dada alisoma daftari, akavuka viuno viwili na bega moja bila kuambiwa, akahesabu, akatabasamu.

"Sasa mmefika. Hapa mmefika kabisa. Nani kapanga hivi?"

Baba Kifungo angeweza kunyamaza. Badala yake akamwonyesha Bibi kwa mikono miwili, kama anayeonyesha gauni lililomalizika. "Mama yetu. Ni mwonjaji."

"Mstaafu," Bibi akarekebisha, lakini alinyoosha mgongo kwenye kiti.

Bibi aliondoka wiki iliyofuata. Mwenye kubaki na homa ya kalsiamu alikuwa mkwe wake. Hakuna mteja aliyesimama mbele ya futi yake ya kupimia bila kuulizwa watoto wake wanakula nini. Mwanamke mmoja aliyekuja kupimwa gauni la harusi aliondoka na kipimo cha kiuno, orodha ya mboga tano na somo la siki dhidi ya chumvi ya kalsiamu, na watoto hana bado.

"Baba," Kifungo alimwambia kutoka chini ya meza wakati huyo bibi harusi akipimwa, akitafuna mkate wake wa ufuta, "mwache dada avute pumzi. Umembana na futi."

Fundi akaangalia mikono yake. Kweli alikuwa amemkaza. Akalegeza futi, akaomba radhi, akaandika: kiuno sabini na nane. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akauliza, "Na maharage meupe, dada, unayapenda?"